Mboga Bila Kitunguu

Selpha alikuwa mkaangaji. Sisemi mpishi, maana wapishi ni wengi, nasema mkaangaji. Majani ya kunde, sukuma wiki, maharagwe, hata viazi vilivyokwisha kuchemshwa vikaiva, kwake vyote vilikuwa bado vibichi mpaka vipitie kwenye sufuria ya mafuta yaliyopata moto, kitunguu kikageuka rangi ya kahawia, nyanya ikayeyuka, na mafuta yakarudi kuelea juu. Majirani wa ile ploti ya Kitengela, nyumba tisa za mawe zenye bomba moja na choo kimoja, walijua jioni imeingia kwa harufu ya kitunguu cha Selpha. Walimtania kwamba wao siku hizi hawanunui mboga, wanasogeza tu ugali karibu na dirisha lake.

Msimcheke. Alikulia nyumba ambayo kopo la mafuta ya kupikia lilionekana Krismasi, na hata hiyo Krismasi lilirudishwa kabatini wageni wakishaliona. Mboga zilichemshwa, maharagwe yakachemshwa, ndizi zikachemshwa, na kesho yake vilivyobaki vikachemshwa tena. Alipoolewa na Elphas, karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja huko Athi River, akapata stovu yake na mume wa mshahara, aliapa kwamba mwanamume huyo hatawekewa mezani chakula cha kuchemshwa kana kwamba ni mfungwa.

Kwa miaka saba kiapo hicho hakikumdhuru mtu. Kisha ukaja mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizokula barabara na kuacha kila mtu Kitengela na tope mpaka magotini, na Elphas akaanza kusimama mlangoni kila akimaliza kula.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akilegeza mshipi tundu moja, anaweka mkono chini ya kifua upande wa kushoto, anasimama pale mlangoni akitazama nje, na akiulizwa anasema anapunga hewa.

"Chakula imekukataa?" Selpha alimuuliza jioni moja, akimwita kama alivyomwita siku zote, kwa jina la mtoto wao. "Baba Caren, sema ukweli."

"Hapana. Chakula ni tamu. Ni hii tumbo imekuwa na kiburi siku hizi."

Kiburi hicho kikakua. Mwezi wa tano Elphas alienda kliniki ya pale stejini, akapewa vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye ladha ya chaki, vya siku mbili tu, akaambiwa apunguze mafuta. Selpha aliposikia neno mafuta alinuna siku mbili nzima, lakini hakuwa mtu mbaya; siku ya tatu akapunguza. Kijiko kimoja badala ya vitatu, kwa wiki nne alizozihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Maumivu hayakupungua hata chembe. Basi akasema moyoni, mnaona sasa, si mafuta yangu, na akarudisha vile vijiko viwili.

Mwezi wa saba kliniki ilikata tamaa ikamwandikia barua. Aende hospitali ya Nairobi, Jumanne tarehe kumi na tano Septemba, akamezeshwa mpira wenye taa ili daktari aone tumboni mna nini. Elphas aliisoma barua hiyo mara tatu na kila mara akameza mate. Kisha akafanya jambo ambalo wanaume wengi hufanya wakiogopa: akamwandikia mama yake.

Mama huyo, Nalianya, alishuka Kitengela mwezi wa nane, na Selpha akamkuta stendi amekalia mzigo wake. Mkononi alikuwa na chungu kilichofungwa kwa leso, ndani ya mfuko mlikuwa na kopo la bati lililotobolewa matundu chini, na miguuni pake gunia dogo la majivu. Naam, majivu. Alikuwa amepanda basi usiku kucha amekumbatia majivu ya maganda ya maharagwe, kana kwamba Kitengela hakuna mtu anayeweza kuchoma kitu.

"Karibu, Mayi," Selpha alisema, akimwita mama kwa lugha ya kina Elphas, akaubeba mzigo.

Jioni ile alimkaangia mama mkwe wake kuku, na kama kuna siku aliyokaanga kwa bidii ni siku ile. Nalianya alisimama nyuma yake akaangalia sufuria.

"Mama Caren, hii mafuta yote ni ya kula ama ni ya kuoga?"

"Ni ya kula, Mayi."

"Ndio tumbo ya mtoto wangu inaungua."

"Daktari alituambia tupunguze, tukapunguza, na bado ikauma."

"Daktari alimzaa?"

Asubuhi yake bibi huyo aliamka kabla ya watu wote, akakokota mawe, akawasha moto nyuma ya nyumba, mahali ambapo mwenye ploti alikuwa amekataza moto. Selpha alipojaribu kumwambia hivyo kwa upole, alipigwa jibu ambalo hakulisahau.

"Mimi sijakuwekea mafiga. Kwa hivyo hii jikoni yako, hata ikiwa Kitengela, bado ni yangu."

Na alisema kweli kwa jinsi ya kwao. Kwa Wabukusu wa upande ule wa kina Elphas, mke mpya hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka siku ambayo mama mkwe mwenyewe atashika mawe matatu, ayapange chini, na kumwambia hili ni jiko lako, pika. Elphas na Selpha walioana mjini kwa haraka, mimba ikiwa mbele na sherehe nyuma, na siku ya mawe hayo haikufika. Kwa miaka saba Selpha alikuwa amejifanya hajali. Kumbe alikuwa anajali sana.

Nalianya akaanza kazi yake. Alitandika nyasi ndani ya lile kopo lenye matundu, akashindilia majivu juu yake, akamwagia maji, akatega bakuli chini. Tone, tone, maji yakatoka yamegeuka rangi ya chai dhaifu, yakiteleza vidoleni kama sabuni. Hiyo ndiyo musherekha, chumvi ya mababu zao. Akachemsha kunde nayo mpaka zikalainika kabisa, akazilaza chunguni, kesho yake akazichemsha tena na maziwa. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna tone la mafuta. Selpha alizitazama akaona utoto wake wote mle ndani ya chungu, na hakuupenda.

Elphas alikula. Akaongeza, akala tena. Kisha akakaa kitini akingoja maumivu, macho kwenye ukuta, mkono tayari chini ya kifua. Akangoja. Radio ikamaliza taarifa ya habari, Caren akalala mezani, na bado Elphas alikuwa amekaa tu.

"Mayi," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Hii imeshuka. Imetulia."

Usiku huo alilala bila kuamka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Na Selpha, ambaye alipaswa kupiga magoti ashukuru, alilala macho kodo kando yake, wivu ukimchoma. Ndiyo, wivu, wacha tuuite jina lake. Mume wake alikuwa amepona kwa mkono wa mwanamke mwingine, na huwezi kumfukuza mwanamke huyo kwa sababu ndiye aliyemzaa.

Wiki tatu zikapita hivyo. Elphas alikuwa akifika kutoka kazini na kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuuliza leo kuna nini. Mwezi wa tisa ulipoanza, Nalianya akasema mahindi yake shambani hayatajivuna, akafunga leso yake. Alimwachia Selpha chupa moja ya soda iliyojaa musherekha na kizibo cha gunzi.

"Weka kijiko moja tu kwa mboga. Ikiisha, uniandikie nikutumie majivu."

"Sawa, Mayi."

Hakuandika. Chupa iliisha baada ya siku saba, na siku ya nane Elphas alirudi pale mlangoni, mshipi umelegezwa. Selpha alimwona mgongo, akaona jinsi mabega yalivyopanda, akashika kalamu. Akaiweka chini. Kumwandikia yule bibi ilikuwa sawa na kusema nimeshindwa kumlisha mwanao, njoo. Afadhali angekula hiyo kalamu.

Jumamosi akiwa sokoni alipita mahali ambapo wanawake wa Kimaasai huuza magadi, yale mabonge meupe yanayoletwa kutoka ziwani, ambayo watu huweka kwenye mahindi na maharagwe makavu yaive upesi. Alikuwa ameyapita mara elfu. Siku hiyo aliinama, akavunja kipande, akakilowesha mate akakisugua kati ya kidole na kidole. Kikateleza. Akalamba. Uchungu ule ule, utelezi ule ule. Akanunua bonge zima.

Jioni hiyo alikaanga. Alikaanga kama zamani, kitunguu mpaka kahawia, nyanya, mafuta yakaelea. Na kabla ya kufunika sufuria akatia kijiko cha magadi aliyoyayeyusha kikombeni. Kunde zikageuka kijani kibichi na kulainika. Elphas akala, akakaa kitini, akangoja.

Maumivu hayakuja.

"Umeweka nini?" alimuuliza, akicheka.

"Nimeweka akili."

Siku hiyo aliosha vyombo akiimba mpaka jirani mmoja akamuuliza kupitia ukutani kama Elphas amepandishwa cheo. Alikuwa amepata alichokitaka: chakula chake mwenyewe, cha kukaanga, kinakaa tumboni mwa mume wake kwa amani. Hakumwambia Elphas siri yake. Hakumwambia mtu.

Na tarehe kumi na tano Septemba ikafika. Asubuhi Elphas alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti lake la kanisani, ameshika ile barua. Alisimama katikati ya nyumba akiigeuza.

"Mama Caren, unaonaje? Hii tumbo si imenyamaza?"

Wakati huo Selpha alikuwa anamfunga Caren kamba za viatu. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Kama imenyamaza, unaenda kumezeshwa mpira ya nini?"

Ni hayo tu aliyosema. Wala hakuyasema kwa ukali. Lakini baadaye, kila aliporudia asubuhi ile, na aliirudia mara nyingi, alijua kwamba hayakutoka kwenye akili bali kwenye kiburi. Elphas akienda Nairobi akapewa dawa, dawa ndiyo itakayosifiwa. Akibaki nyumbani mzima, basi aliyemponya ni yeye, Selpha, kwa sufuria yake. Elphas alimtazama kama mtu aliyeomba ruhusa akapewa, akaikunja barua, akaitia ndani ya Biblia, akavua koti.

Zikafuata wiki njema, na sitazinyima wema wake. Walikula pamoja wakicheka. Elphas alimfundisha Caren kuhesabu kwa punje za maharagwe. Wakati mwingine alisema, "Leo ongeza kidogo ile akili yako," na Selpha akaongeza. Kijiko kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Mwezi wa kumi Elphas alitoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari. Mwezi wa kumi na moja akatoboa lingine. Selpha aliyaona matundu hayo, akasema kazi ya stoo ni nzito, mtu anakonda. Alisema hivyo kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Desemba, Lemayian, Mmaasai aliyefanya kazi na Elphas kiwandani, alioa kwao Kajiado, akawaalika. Wakaenda, Elphas ndani ya lile koti la kanisani ambalo sasa lilimning'inia. Mbuzi na kondoo walikuwa wamepangwa mitini kuzunguka moto, mafuta yakidondoka na kulia kwenye makaa. Mzee mmoja aliyegawa nyama alimpa Elphas kwanza kikombe cha mchuzi uliochemshwa na magome ya miti.

"Kunywa hii kwanza, ndio nyama ijue njia. Sisi hatukuli choma kavu, inakaa hapa." Akajigonga kifuani.

Elphas akanywa, akapewa ubavu wa kondoo. Alimtazama Selpha kama mtoto anayeomba. "Nikule?"

"Kula. Tumbo si ni yako?"

Alikula mbavu mbili, kidogo kidogo, kwa furaha kubwa. Ilikuwa yapata saa tisa, wasichana wakiimba, aliposimama ghafla, akatembea hatua chache kuelekea kwenye ua, akainama. Kilichomtoka kwanza kilikuwa cheusi, chenye chembechembe kama za kahawa iliyosagwa. Kisha ikatoka damu nyekundu. Selpha alimfikia akiwa amepiga magoti, akajaribu kumfuta mdomo kwa kanga yake, na kanga ikajaa. Wimbo ulikatika. Wanaume wakambeba, wakamlaza nyuma ya pikapu iliyoleta soda za harusi, wakampeleka hospitali mjini Kajiado.

Wakamwongeza damu, wakammezesha ule mpira alioukwepa. Siku ya nne daktari alimwita Selpha chumbani kwake. Alikuwa mwanamke wa Kikamba, Daktari Mbithe, mwenye sauti ya chini. Alimwambia wazi kwamba ni saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Kisha akafungua faili.

"Alikuwa anakunywa dawa gani nyumbani?"

"Hakuna, daktari."

"Hakuna kabisa? Mama, kitu kama hiki kinauma. Kufikia hapa angekuwa anabingirika chini. Ni nini kilikuwa kinamtuliza?"

Ndipo Selpha akamwambia. Alianza na musherekha ya mama mkwe, akamalizia na magadi yake, kijiko kimoja, viwili, vitatu. Kadiri alivyoeleza ndivyo daktari alivyopunguza kuandika, mpaka akaweka kalamu mezani.

"Yale maji ya majivu na magadi ni kitu kimoja," alisema. "Yanaua asidi. Asidi ikifa, kidonda kinaacha kuchoma. Lakini kidonda kiko. Kinakua tu, bila kelele."

"Sio mafuta?"

"Mafuta ingemsumbua akishakula. Haikuleta hii."

"Na angekuja mwezi wa tisa? Alikuwa na barua."

Daktari Mbithe alifunga faili. Angeweza kumdanganya, na huenda wengine wangefanya hivyo. "Mwezi wa tisa labda tungekata," alisema. "Lakini usijibebeshe hii, mama. Mlikuwa mnamsaidia mtu anaumwa."

Selpha alishukuru, akatoka, akarudi wodini kwa Elphas.

Elphas aliishi mwezi mmoja na siku chache. Walimlisha uji mwepesi kwa kijiko, na hata huo wakati mwingine ulirudi. Selpha alikuwa akitoka Kitengela asubuhi na chupa ya uji, anarudi jioni na chupa hiyo hiyo, uji haujapungua. Siku moja katikati ya Januari, Elphas alimshika mkono.

"Nikitoka hapa, unikaangie kunde. Weka kitunguu mingi. Hata kama itaniuma."

"Si wewe ulikuwa unapenda ile ya Mayi?" Alitaka kulifanya utani.

"Ya Mayi ilikuwa inanituliza." Akapumzika kidogo ili apate pumzi. "Lakini yako ndio nilikuwa nataka. Kwani nilikuoa nikule nini?"

Hayo yalikuwa maneno marefu kwake, na hakuwa na mengine. Alifariki Jumapili iliyofuata, mchana, Selpha akiwa amekwenda bombani kuosha kikombe.

Nalianya alifika Kitengela Jumanne. Maiti ingetolewa Kajiado Alhamisi, isafirishwe kwao Bungoma kuzikwa. Ploti ilijaa viti vya kukodi na wanawake wa kanisa, na bibi yule aliingia akilia jina la mwanawe tangu langoni. Alipomwona Selpha mlangoni alisimama.

"Mafuta!" alipiga kelele, kidole kimenyooka. "Mafuta imeniulia mtoto! Nilisema! Si nilisema?"

Watu waliinamisha vichwa. Selpha alikuwa na jibu mdomoni, zima, likiwa na jina la daktari na tarehe. Angelitema mara moja tu. Aliuma midomo, akaingia ndani, akamkumbatia Caren. Kwa nini hakulitema hakujua. Alijiambia kwamba analiweka mpaka watu watoke.

Jumatano asubuhi wanawake wa kanisa walikuwa bado hawajafika. Selpha alisikia kitu kikikokotwa nyuma ya nyumba, akatoka. Nalianya alikuwa ameinama, anavuta jiwe, vipande vile vya machimbo vilivyobaki mwenye ploti alipojenga ukuta. Viwili vilikuwa vimeshapangwa. Alisukuma cha tatu kwa goti mpaka kikakaa sawa, akajishika kiuno.

"Siwezi kukubali uende kumzika bila jiko," alisema bila kumtazama. "Watu wa nyumbani watauliza huyu ni bibi ya nani. Haya. Hii ni jiko yako."

Miaka saba alikuwa ameyangoja mawe hayo, na sasa yalikuwa pale, na mtu wa kupikiwa alikuwa mochari. Selpha alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Nalianya naye akakaa. Alikuwa amezeeka tangu Septemba; shingo ilikuwa imebaki mishipa. Aliokota kijiti, akachora chini, akakifuta alichochora. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Selpha hakuwahi kuisikia kwake:

"Nikuulize kitu. Usinifiche."

"Sema, Mayi."

"Nikiwa hapa alikuwa ananiambia niongeze ile musherekha. Asubuhi alikuwa anakuja hapa pekee yake, ananiomba nimpe anywe hivyo tu, kwa kikombe. Mimi nampa. Nikasema ni mtoto anataka kitu ya mama yake." Akakivunja kijiti. "Tangu nipate ile simu silali. Mwanangu, daktari alisema ni nini? Ni majivu yangu?"

Basi lile jibu likapanda tena mdomoni. Lilikuwa la kweli, na lingelipa kile kidole cha jana mbele za watu. Selpha alimtazama yule bibi, akamwona jinsi alivyoegemea mbele kulipokea, na akajua uzito wake, kwa sababu alikuwa ameubeba mwezi mzima na ulikuwa umemkunja yeye mwenye miaka thelathini na moja. Huyu mwenye sabini ungemzika na mwanawe.

"Hapana, Mayi," alisema. "Ni mafuta. Daktari alisema ni mafuta yangu."

Nalianya alifumba macho. Pumzi ilimtoka ndefu, na mabega yakashuka. Alikaa hivyo muda, machozi yakimtiririka kimya kimya, halafu akanyoosha mkono, na badala ya kumpiga au kumsukuma akamshika Selpha kisigino, kilichokuwa karibu.

"Ulikuwa hujui," alisema. "Hakuna mtu alikufundisha. Kuja nikufundishe."

Walichambua kunde pamoja, zile alizokuja nazo kwenye mfuko. Selpha aliwasha moto kati ya mawe yake matatu, akateleka chungu. Mkono wake, kwa mazoea, ulienda kwenye kikapu ukashika kitunguu. Kilikuwa kikubwa, chekundu, alikuwa amekinunua wiki iliyopita akijiandaa kwa siku ambayo Elphas angetoka hospitali. Nalianya alikiona. Alimtazama tu kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mgumu wa kufundishika.

Selpha akakirudisha kikapuni.

Maji yakachemka, kunde zikaingia, bibi akapima kijiko kimoja cha musherekha, akamwonyesha, "Moja tu, umeona? Moja," naye akaitikia kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Chakula kilipoiva walikipakua katika bakuli moja, wakala kwa mkono. Tangu Desemba Selpha alikuwa hawezi kula kitu kisimkwame kifuani. Kunde hizi zilishuka, zikatulia, na hazikumuuma popote. Alikula mpaka akashiba, na aliposhiba ndipo alipoanza kulia kwa sauti, na Nalianya akampigapiga mgongoni akimwambia ameze polepole.